Kihenge cha Afya: Bima kwa Wote na Mkulima wa Kanda ya Kati

Januari ni mwezi mgumu Ugogoni. Mvua zimeshaanza, uwele na mtama bado ni vibichi shambani, palizi imepamba moto na kihenge kimebaki na debe moja au mawili. Madimbwi yamejaa mbu, maji ya kunywa yametibuka, watoto wanashikwa na homa na kuhara. Maradhi yanabisha hodi wakati ule ule mfuko hauna kitu. Ingekuwa Julai, alizeti imeshauzwa na mahindi yameshaanuliwa, familia hiyo hiyo ingelipa gharama za matibabu bila kuyumba. Lakini homa haingoji Julai. Basi mbuzi anapelekwa mnadani katika mwezi ambao kila mwenye shida anauza mbuzi, bei inaanguka, na kile kidogo kinachopatikana kinaishia kwenye dirisha la dawa.

Mjadala wa bima ya afya kwa wote nchini mwetu huendeshwa kwa lugha ya vitita, vifungu na asilimia. Lugha hiyo ina mahali pake, nami nitaitumia. Hata hivyo, kalenda ya mkulima wa Bahi, Chamwino au Manyoni inalieleza jambo hili vizuri zaidi. Bima ni kulipa siku ya mavuno ili usilipe siku ya homa, na kulipa kwa pamoja ili kaya moja isilemewe peke yake. Kwa sababu hiyo naiunga mkono Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iliyopitishwa na Bunge hapa Dodoma tarehe 2 Novemba mwaka huo. Naiunga mkono nikijua kwamba sheria ni kihenge kilichojengwa tu. Hakuna anayeshiba kwa kutazama kihenge; watu hushiba kwa kilichowekwa ndani.

Watu wanaojua maana ya akiba

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miaka ambayo mvua hukatika Februari mazao yakiwa yanachanua si ya kuhesabu. Wagogo waliyapa majina mabaa yao ya njaa, na jina lililodumu kuliko mengine ni Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ukame ulipofuata, akiba ilikuwa imekwisha na mikono ya kulima haikuwepo. Homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wameshadhoofika. Kaya iliyonyang'anywa akiba yake huangushwa na pigo la pili hata kama pigo lenyewe ni dogo.

Somo hilo tumelielewa upande wa chakula. Taifa lina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na vihenge vyake vinaonekana hapa hapa Dodoma. Hakuna anayehoji kwa nini mahindi ya Rukwa na Ruvuma yahifadhiwe ili mwaka wa ukame yamfikie mtu wa Chemba. Hakuna anayemwambia mkulima wa Chemba kwamba ukame ni shauri yake. Kwa maradhi, kwa miongo mitatu sasa, tumekuwa tukimwambia hivyo hivyo. Muswada wa bima kwa wote ulipofikishwa bungeni, takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Waliobaki, zaidi ya wanane katika kila kumi, walitegemea walichonacho mfukoni siku wanapougua.

Tulikotoka

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilielekeza nguvu vijijini. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa, na matibabu katika vituo vya umma yakawa bila malipo. Mwaka 1977 huduma za afya za kibiashara zikapigwa marufuku. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea, na huku kwetu ndizo zilizobeba mzigo mkubwa: Mvumi na Kilimatinde za Kanisa Anglikana, na baadaye Mtakatifu Gaspar ya Itigi kwa upande wa Kanisa Katoliki.

Mpango ule ulikuwa na moyo mkubwa kuliko kipato chake. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na masharti ya wakopeshaji viliibana nchi, na kufikia miaka ya 1980 zahanati nyingi zilikuwa na kuta bila dawa. Huduma ya bure isiyo na dawa ina gharama zake: mgonjwa hulipa nauli na siku nzima ya kazi ili akaambiwe hakuna. Hospitali binafsi zikaruhusiwa tena mwaka 1991, na 1993 Serikali ikaanzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake.

Misamaha iliwekwa kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza na wenye baadhi ya maradhi sugu. Nia ilikuwa njema, na kwa akina mama na watoto imeokoa maisha mengi. Lakini kwenye dirisha la dawa msamaha ulikutana mara nyingi na sentensi ambayo kila Mtanzania anaijua: "Dawa hii hatuna, kanunue nje." Sababu yake haifichiki. Mzee anayesamehewa hana anayemlipia. Zahanati inayomtibu inatoa dawa na haipati fedha ya kununua nyingine. Kadiri kituo kinavyotenda haki ndivyo rafu zake zinavyokauka. Hapo ndipo bima inapotofautiana na msamaha. Mzee mwenye kadi iliyolipiwa na Serikali anafika na malipo yake mkononi, na kituo kinaongezewa uwezo kwa kumtibu.

Baada ya 1993 nchi ikafuata njia mbili. Watumishi wa umma waliundiwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001 kwa makato ya mshahara: asilimia 3 kutoka kwa mtumishi na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Wakulima na wafugaji waliundiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa Igunga mkoani Tabora katikati ya miaka ya 1990 na kupata sheria yake 2001. Mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji akawa na kadi inayomfikisha hospitali ya taifa, na baba wa mwanafunzi wake akawa na kadi inayoishia kwenye zahanati moja. Wanaishi kijiji kimoja na wanaumwa malaria ile ile.

Dodoma, shamba darasa la bima

Wataalamu wa kilimo wana utaratibu wa shamba darasa: wakulima wanalima kipande kimoja kwa pamoja, wanaona kinachokubali na kisichokubali, kisha kila mmoja anarudi kwake na maarifa. Kwa bima ya afya, mkoa wa Dodoma umekuwa shamba darasa la taifa, na sifa hiyo haijatajwa vya kutosha.

CHF ya mwanzo ilikuwa na kasoro zilizoonekana kwa macho. Kadi ilifanya kazi kwenye kituo ulikojiandikisha tu. Serikali iliahidi kuongeza kiasi sawa na michango iliyokusanywa, ule utaratibu wa "tele kwa tele", lakini palipokusanywa kidogo hata tele ilikuwa kidogo. Uandikishaji ulifanywa na mhudumu wa zahanati mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Kuanzia 2011, kwa mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi, Dodoma ilijaribu namna nyingine, na baadaye Morogoro na Shinyanga zikafuata. Waandikishaji waliteuliwa vijijini, wakapita nyumba kwa nyumba wakipiga picha za wanakaya kwa simu. Kadi ikaruhusiwa kutembea zaidi ya kituo kimoja. Michango na madai ya vituo yakaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao IMIS, ulioanza kutumika 2012. Mfumo huo ulichukuliwa pia na Nepal na Cameroon, na leo, kwa jina la openIMIS, ni programu huria inayotumiwa na mataifa kadhaa. Kilichopandwa kwenye vumbi la Dodoma kimeota hadi chini ya Himalaya.

Jaribio la pili lilikuwa la dawa. Kwa miaka mingi kituo kilichokosa dawa Bohari ya Dawa kilihangaika chenyewe, kikinunua kidogo kidogo madukani kwa bei ya reja reja. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza utaratibu wa Jazia, na jina linajieleza: kujazia pengo. Vituo vyote vya umma vya mkoa vikakubaliana na mshitiri mmoja aliyepatikana kwa ushindani, bei zikajulikana, ubora ukakaguliwa, na pale Bohari inapokosa dawa agizo linakwenda kwake. Utaratibu huo ulienea nchi nzima mwaka 2018.

Mwaka huo huo CHF iliyoboreshwa ikawa ya taifa zima: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya hadi watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtu wa Dodoma anaposikia bima kwa wote asidhani ni wazo lililoshushwa kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya nyenzo zake zilichongwa hapa.

Hiari ilipofikia kikomo

Shilingi 30,000 kwa watu sita ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 100 kwa wiki. Kwa nini basi wengi hawakujiunga, na wengi waliojiunga hawakurudi mwaka wa pili?

Sababu ya kwanza ni dawa. Mtu akilipa kisha akaambiwa akanunue nje, mwaka unaofuata hutamshawishi, na majirani zake watakuwa wameshasikia. Sababu ya pili ni msimu: mwandikishaji akipita Februari hukuta nyumba haina hata ya chumvi.

Sababu ya tatu imo ndani ya hiari yenyewe. Mwenye afya husema atajiunga akiugua, na mwenye ugonjwa hujiunga leo. Mfuko ukijaa wagonjwa peke yao, michango haitoshi, kiwango kinapandishwa, na wenye afya waliobaki wanatoka. Tuliliona hilo kwa Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 mzazi alimpatia mtoto bima ya mwaka mzima, bei ambayo duniani ni vigumu kuipata. Wazazi wengi walikata kadi mtoto alipokuwa tayari anaumwa, gharama zikazidi michango, na Machi 2023 NHIF ikasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Sitamlaumu mzazi aliyekimbilia kadi mtoto akiwa hoi. Mimi na wewe tungefanya hivyo hivyo. Lakini kihenge ambacho watu hukikumbuka siku ya njaa tu, na siku ya mavuno hawaweki kitu, hakiwezi kudumu.

Ndiyo maana sheria mpya inasema kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Lazima hiyo inachukiza masikio ya wengi, ila bila yake bima ya wote haipo.

Sheria inavyogawa mzigo

Kwa walioajiriwa, sheria inaendeleza mchango wa asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri analipa angalau nusu. Jambo jipya ni kwamba sekta binafsi nayo inabanwa, na mlinzi au mhudumu wa hoteli ana haki ya kuandikishwa na mwajiri wake. Kwa wasioajiriwa, kaya ya mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne huchangia kwa mwaka. Kwa wasio na uwezo, Serikali inawalipia kupitia mfuko maalumu.

Mfuko huo ndio uliochelewesha safari. Muswada ulisomwa kwa mara ya kwanza Septemba 2022, na wabunge wakauliza swali ambalo mwenye shamba yeyote angeuliza: mbegu itatoka wapi? Ulirudi bungeni 2023 ukiwa na majibu: vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha ni miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa. Katika bajeti ya 2025/26 zikaongezwa tozo ambazo asilimia 70 ya mapato yake inakwenda kwenye mfuko wa UKIMWI na asilimia 30 kwenye bima kwa wote. Naona haki katika vyanzo hivyo. Soda na bia zinachangia kisukari na maradhi ya moyo na ini. Anayefurahia leo achangie kumtibu jirani, na kesho kumtibu yeye mwenyewe.

Kazi ngumu ni kumjua asiye na uwezo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 hawakumudu hata chakula. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, una orodha ya kaya masikini iliyopitishwa na mikutano ya vijiji, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini umaskini wa Kanda ya Kati huhama na mvua. Kaya iliyovuna vizuri mwaka huu inaweza kuwa ombaomba mwakani. Orodha inayopitiwa mara moja kwa miaka kadhaa haimwoni mtu aliyeanguka msimu uliopita. Ni mkutano wa kijiji, baada ya kila mavuno, unaomjua.

Faida anayoishika mtu wa kawaida

Kwa mtumishi mwenye kadi ya NHIF, bima imekuwa jambo la kawaida kiasi cha kusahaulika. Kwa asiyekuwa nayo, faida zake zinaanza na uamuzi mdogo: kwenda kituoni mapema. Mama anayejua kwamba hatadaiwa humpeleka mtoto siku ya kwanza ya homa. Asiyejua hivyo hungoja, hununua vidonge viwili dukani, hujaribu mizizi, na siku ya nne anakodi bodaboda kukimbiza mtoto aliyelegea. Malaria ya siku ya kwanza inatibika zahanati kwa gharama ndogo; ya siku ya nne inataka damu na kitanda cha hospitali.

Faida ya pili ni kwa wenye maradhi ya kudumu. Sukari na presha vimeshaingia vijijini. Dawa zake ni za kila siku, na gharama yake haionekani kubwa kwa mara moja, ila haiishi. Mzee anapunguza dozi ili kibao kifike mwisho wa mwezi, na baada ya miaka michache anapooza au figo zinachoka. Kusafisha figo ni kazi ya mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yote. Hakuna kaya ya mkulima inayoweza kulipa hilo kwa kuuza ng'ombe, hata zizi likiwa kubwa.

Faida ya tatu inahusu hospitali zetu kubwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2015, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo. Utaalamu ambao zamani ulifuatwa India sasa uko safari ya saa chache kutoka Mpwapwa na Kondoa. Umbali uliobaki ni wa fedha, na bima ya watu wote ndiyo barabara inayoweza kuufupisha.

Kuna faida nyingine isiyopimwa kwa shilingi. Familia nyingi nchini zimepitia aibu ya kuzuiliwa mwili wa ndugu yao kwa sababu ya deni la hospitali. Katika kampeni za uchaguzi wa 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kupiga marufuku jambo hilo. Marufuku ni ya haki, lakini itasimama tu iwapo hospitali inalipwa kwa njia nyingine. Mtu akilazwa na kadi hai, deni la kuuzuia mwili halizaliwi. Sisi ni watu wa kufa na kuzikana. Tunaunda kamati ya msiba kwa saa moja na kuchanga fedha ya jeneza, turubai na chakula. Bima inatuomba tuchange mapema kidogo, mgonjwa angali anaweza kupona.

Hofu zinazostahili kujibiwa

Hofu kubwa ni kiwango. Mwaka 2022 Serikali ilitaja shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na moja ya CHF iliyoboreshwa. Wananchi walishtuka, na walikuwa na haki. Ukweli una pande mbili: shilingi 30,000 haikutosha kununua dawa za watu sita, na shilingi 340,000 haipatikani kwenye nyumba nyingi za Chemba. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kumkamua mkulima. Lazima lizibwe na kodi. Nchi za Afrika, katika Azimio la Abuja la 2001, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bima ikigeuzwa kisingizio cha Hazina kupunguza mchango wake, tutakuwa tumehamisha mzigo na kuuita mageuzi.

Hofu ya pili ni adhabu. Muswada wa awali ulitaka mtu aonyeshe bima kabla ya kupata huduma kama leseni ya udereva na leseni ya biashara. Kelele zilizopigwa zilikuwa za haki. Kumnyima kijana wa bodaboda leseni kwa kukosa bima ni kumnyima kipato ambacho kingelipia bima hiyo. Lazima inapaswa kuanza pale inapowezekana kukusanya bila kuumiza: kwenye mishahara, kwenye ushirika, kwenye mauzo ya mazao.

Hofu ya tatu ni huduma yenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi yamesimama. Watumishi bado ni wachache, na Wizara yenyewe imekiri hilo mara nyingi. Mkoa wa Dodoma una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 41,000 na, kwa sensa ya 2022, watu 3,085,625. Mfugaji wa pembezoni mwa Chemba akipewa kadi bila mganga wala gari la wagonjwa, amepewa picha yake mwenyewe kwenye plastiki.

Tena bima haifanyi kazi zote za afya. Huko Kongwa, utafiti wa trakoma ulioanza miaka ya 1980 ulionyesha jinsi kunawa uso kunavyomlinda mtoto na vikope vinavyoleta upofu. Kunawa kunataka maji, na maji hayamo kwenye kitita cha mafao. Mageuzi yakisahau visima, vyoo na chanjo, mfuko utalipia kila mwaka magonjwa ambayo ndoo ya maji ingeyazuia.

Majirani wanatuambia nini

Rwanda ilianza bima ya jamii kwa majaribio mwaka 1999 na imefikia zaidi ya asilimia 80 ya watu wake, wengi wakiwa wakulima. Siri yake ilikuwa wanakijiji kupanga wenyewe kaya kwa madaraja ya uwezo. Wa chini kabisa wakalipiwa, wa juu wakalipa zaidi. Ghana, kwa sheria ya 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 inayokusanywa pamoja na VAT, hivyo kila anayenunua bidhaa dukani anachangia. Thailand iliwaingiza wasio na bima mwaka 2002 kwa fedha za kodi na malipo ya baht 30 kila wanapotibiwa.

Kenya inatupa onyo la karibu. Oktoba 2024 ilifuta NHIF yake iliyoanza 1966 na kuleta mfuko mpya wa SHIF kwa makato ya asilimia 2.75 ya kipato. Wenye mishahara wanakatwa bila shida. Wasio na ajira rasmi wengi wamejiandikisha bila kulipa, na hospitali zimelalamikia malipo kuchelewa. Kuandikisha ni rahisi, kukusanya ni kazi. Nchi zilizofaulu hazikumfukuzia mkulima kwa ankara ya kila mwezi. Zilitumia fedha za kodi.

Kihenge kisiote ukungu

Mwaka 2016, vijiji vya Dodoma na Manyara vilipatwa na msiba wa sumukuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu, watu 68 wakaugua na 20 kati yao wakafa. Akiba yao wenyewe iliwaua kwa kutotunzwa vizuri. Mfuko wa bima nao huota ukungu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa 2021/22 ilionyesha NHIF ikitumia zaidi ya ilichokusanya, huku mikopo iliyotolewa kwa taasisi za Serikali ikiwa haijarejeshwa. Kuna vituo vinavyodai vipimo ambavyo havikufanyika, na wanachama wanaoazimana kadi. Machi 2024, mvutano wa bei za kitita kipya ulizifanya baadhi ya hospitali binafsi kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF, na wagonjwa ndio waliorudishwa mlangoni.

Kwa hiyo kuunga mkono mageuzi ni pamoja na kudai masharti yake. Fedha za mfuko zisikopeshwe kwa kazi nyingine. Madai ya vituo yalipwe kwa wakati, ili mganga mfawidhi wa zahanati aagize dawa kabla rafu haijakauka. Hesabu za mfuko zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama zinavyosomwa za mradi wa maji: tumechangia kiasi hiki, zahanati yetu imepokea kiasi hiki, dawa hizi zilikosekana. Na michango ikusanywe mkulima akiwa nayo. Mfumo wa stakabadhi ghalani umeshatufundisha kukata kidogo kutoka kwenye mauzo kabla fedha haijafika mkononi. Mkulima akiridhia, mchango wa kaya yake unaweza kupita njia hiyo hiyo.

Nendeni Kibaigwa mwezi Julai, kwenye soko la mazao la Kongwa. Malori yamejipanga, mizani haipumziki, wachukuzi wamebeba magunia, na fedha inabadilisha mikono tangu asubuhi. Hapo, kando ya mizani, ndipo meza ya bima inapopaswa kuwekwa. Mkulima ataacha bei ya gunia moja au mawili, Serikali itaongeza tele yake, na asiyevuna mwaka huo atalipiwa na waliovuna. Miezi sita baadaye, mvua ikinyesha na mtoto akichemka usiku, mama yake atambeba alfajiri hadi zahanati akiwa na kadi kwenye kanga. Atarudi na dawa kabla jua halijawa kali, aendelee na palizi. Na mbuzi atakuwa bado yuko zizini.